Matembezi ya Mtu na Ahali Yake Katika Vilima Vyeupe vya Uingereza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa milima na mabonde na mwenye kuyapitisha maji baina yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Qur'ani Tukufu, katika sura nyingi, yawaamrisha watu watembee katika ardhi, watazame, wazingatie. Waislamu waisoma amri hii usiku na mchana, lakini waitendao ni wachache, na katika hao wachache ni wachache zaidi wawachukuao wake zao na watoto wao. Mwanamume wa pwani akipata siku ya mapumziko huenda barazani kwa wenziwe, akazungumza nao mpaka jua likatua. Watoto wake hubaki nyumbani, wasimwone ila amelala au amekasirika. Kisha mtoto akifika miaka kumi na tano asimsikilize, baba hushangaa, akauliza ni nani aliyemharibu.

Maneno haya yahusu matembezi ya mtu na ahali yake, na mfano wake umechukuliwa katika nchi ya Uingereza kwa sababu mbili. Ya kwanza, wako watu wa pwani wakaao huko kwa kazi na masomo pamoja na watoto wao, na baadhi yao siku za mapumziko hujifungia majumbani kama wafungwa. Ya pili, nchi ile ina njia za miguu zilizohifadhiwa kwa sheria, na jambo jema hutwaliwa mfano popote lionekanapo.

Kusini mwa nchi ile viko vilima vya mawe ya chaki, meupe na laini. Safu moja yaitwa North Downs, nyingine South Downs, na ya tatu, Chilterns, iko kaskazini-magharibi ya London. Si milima ya kutisha. Butser Hill, kilicho kirefu katika vilima vya chaki vya South Downs, chafika mita 270 hivi, na mtoto wa miaka sita aweza kupanda akipumzishwa. Juu ya safu hiyo ya kusini yapita njia ya yapata maili 100, tangu mji wa Winchester hata Eastbourne. Lakini mwenye watoto wadogo hana haja ya zote, maili mbili zamtosha. Vilima hivi vimekatwa na mito. Kusini ni Arun, Adur, Ouse na Cuckmere. Kaskazini ni Wey na Mole. Mto Wey wapita katika mji wa Guildford, na maili chache kutoka hapo ndipo ulipo mji wa Woking, wenye msikiti wa Shah Jahan uliojengwa 1889, ambao ndio wa kwanza kujengwa Uingereza kwa kusudi la kuwa msikiti. Basi mtu asidhani kwamba vilima hivi viko mbali na adhana.

Jambo la kwanza la kumwonyesha mtoto huko ni jiwe lenyewe. Mtu wa pwani alijua tumbawe: kwalo babu zake walijenga nyumba na misikiti, na kwa kulichoma walipata chokaa, na asili yake ni viumbe vya baharini. Chaki nayo ni kazi ya bahari. Wataalamu wa ardhi wamethibitisha kwamba ni magamba ya viumbe vidogo mno, visivyoonekana ila kwa hadubini, vilivyoelea baharini, vikafa, vikazama, vikalundikana chini zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Kisha ile sakafu ya bahari ikainuliwa ikawa kilima. Mtoto akaaye kula mkate wake juu ya majani ya kilima kile amekaa juu ya kaburi la viumbe wasiohesabika. Baba atakayemweleza hayo kwa upole hana haja ya kumpigia kelele kwamba Mwenyezi Mungu ni Muweza. Mtoto atalisema mwenyewe.

Jambo la pili ni maji. Mvua inyeshayo juu ya vilima hivi haikimbii yote juu ya ardhi. Iliyo nyingi hunywewa na jiwe, ikakaa ndani yake, kisha hutokea bondeni kwa chemchemi, safi, na baridi yake haibadiliki sana wakati wa joto wala wakati wa baridi. Mito ya namna hii ni michache duniani, na iliyo mingi iko Uingereza. Mengine katika maji hayo huvutwa chini ya ardhi kwa matumizi ya miji, na mito ikapungua. Na mingine huingiwa na uchafu wa miji na mashamba. Hapo ndipo mahali pa kumfundisha mtoto ubaya wa israfu, kwani imepokewa kwamba Mtume S.A.W. alikataza kuyafuja maji hata kwa mwenye kutawadha kando ya mto upitao. Mafunzo haya akiyapata mtoto darasani huyahifadhi; akiyapata kando ya mto huyafahamu.

Jambo la tatu ni njia. Huko shamba lina mwenyewe, na njia ya miguu ipitayo katikati ya shamba hilo huweza kuwa ni haki ya watu wote. Sheria ya 1932 iliweka kwamba njia iliyopitwa na watu waziwazi kwa miaka 20 bila ya kukatazwa huhesabiwa kuwa mwenyewe ameitoa kwa watu. Na sheria ya 1949 ikaamrisha serikali za mitaa kuziandika njia hizo katika ramani. Basi mwenye shamba hulima, kondoo wake hulisha, na mpitaji hupita, wala hapana amdhulumuye mwenziwe, maadamu mpitaji hulifunga lango alilolifungua, wala hakanyagi mimea, wala hatupi taka. Mafakihi wa Kiislamu waliandika khabari za haki ya kupita karne nyingi kabla ya hayo, na katika hadithi imekuja kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Baba aokotaye kigae cha chupa njiani mbele ya mwanawe amemfundisha tawi hilo pasi na kitabu.

Na katika khabari ya njia hizi liko jambo kubwa la kuzingatia. Njia iliyokwisha kuwa haki ya watu haifutiki kwa sababu watu wameacha kuipita. Lakini isipopitwa huota miiba, alama zake zikaanguka, hata mgeni akija akaambiwa kwamba njia ni hapa, asiione. Ndivyo ilivyo haki ya mtoto kwa babake. Haifutiki kwa shughuli, wala kwa safari, wala kwa baraza. Lakini miaka ikipita baba na mwana hawaendi pamoja wala hawazungumzi, miiba huota baina yao. Na siku baba atakapotaka kupita kumpelekea mwanawe nasaha, ataitafuta njia asiione. Mwenye akili huipita njia hiyo kila wiki angali na nafasi, mtoto angali mdogo, mkono wake ungali mkononi mwake.

Chini ya kilima cha Box Hill, katika North Downs, mto Mole huvukwa kwa mawe yaliyopangwa majini. Mawe ya zamani yaliharibiwa wakati wa vita vya pili vya dunia, na mapya yakawekwa 1946 kwa zawadi ya Chuter Ede, aliyekuwa waziri katika serikali ya wakati ule. Yeye alikufa 1965, na mawe yangali yawavusha watoto wa watu asiowajua. Ikiwa asiye wa dini hii amefanya hivi kwa ajili ya wapitao, Muislamu aliyekwisha kuambiwa khabari za sadaka ijariyo ana udhuru gani? Na mto ukifurika mawe hayo hufunikwa. Hapo mwenye watoto asijitie ushujaa, bali na azunguke darajani.

Katika adabu za matembezi haya, kubwa ni kwamba mwendo ni wa aliye dhaifu. Imamu ameamrishwa apunguze swala kwa ajili ya mzee na mnyonge na mwenye haja. Mwenye kuongoza ahali yake naye ni vivyo hivyo. Imepokewa kwamba Mtume S.A.W. alishindana mbio na Bibi Aisha, na kwamba mjukuu wake alimpanda mgongoni hali amesujudu, naye akairefusha sijida asimharakishe. Basi ni nani huyo aonaye haya kwenda sambamba na mkewe? Yuko mtu atanguliaye hatua hamsini, mikono mitupu, na mkewe yuko nyuma amebeba mtoto na kikapu cha chakula. Huyo hakutembea na ahali yake. Amefuatwa nao tu.

Na yampasa ajue mas'ala ya ibada kabla ya kutoka. Mtu wa Mombasa au Unguja amezoea kuelekea kaskazini katika swala. Huko kibla ni kusini-mashariki. Katika mwezi wa Desemba jua hutua yapata saa kumi jioni, na Alasiri huingia mapema mno, basi apange mwendo wake kwa swala, asipange swala kwa mwendo. Matembezi ya maili chache karibu na mji akaao si safari ya kukusuru. Vumbi jeupe la chaki halitoshi kwa tayamamu katika madhehebu ya Imamu Shafii, kwani sharti ni udongo tohara wenye vumbi, si jiwe lililosagika. Na bondeni maji yapo. Tope la njiani lisiloepukika limesamehewa. Watu wengi huko hutembea na mbwa: akiwa mkavu akagusa nguo kavu, hapana najisi, akiwa na unyevunyevu, mahali hapo pataoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wala mtoto asifundishwe kumpiga mawe, kwani imepokewa khabari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Tena ajihadhari na hatari. Mahali South Downs zinapofika baharini, katika majabali meupe yaitwayo Seven Sisters, chaki humeguka ikaanguka ghafula. Asisimame ukingoni wala asikae chini yake, na mtoto asimwache mkono. Mtoto ni amana, na amana haichezewi kwa ajili ya kutazama.

Huenda msemaji akasema: mimi natafuta riziki, nafasi sina. Jawabu lake ni kwamba riziki hutafutwa kwa ajili ya watoto. Akiipata riziki akawapoteza watoto, ametafuta nini? Kila mtu ni mchungaji, naye ataulizwa kwa alichokichunga. Na mchungaji hawezi kuchunga asipokuwapo. Wala si lazima awe Uingereza. Mwenye kukaa pwani ana ufuo, na mashamba ya minazi, na magofu ya miji ya kale, na njia za kwenda huko alizipita utotoni mwake. Zisije zikaota miiba katika zama zake.

Mwenyezi Mungu awaongoze Waislamu kuwatendea wema wake zao na watoto wao, na awajaalie kuwa ni wenye kutazama wakazingatia. Amin.