Zima Usizime

LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jina zuri, lakini sisi wapangaji wa mita moja tunalipa kadiri ya milango. Vyumba sita, michango sita iliyo sawa, basi.

Chumbani kwangu kuna taa na redio. Jirani ana friji, na pasi yake haipoi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti moja. Balbu yangu ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 100 kwa uniti hiyo hiyo.

Ndiyo maana vijana wenzangu huniambia: "Zima usizime, mchango ni ule ule. Unambania nani?" Swali hilo si la kipuuzi. Je, kubana matumizi katikati ya wafujaji ni wema au ushamba?

Mimi nasema hivi. Nikiacha taa inawaka mchana kutwa, gharama yake haipotei hewani. Inagawanywa kwa sita: fungu moja nalipa mimi, matano wanalipa wenzangu, akiwemo yule mama muuza vitumbua anayelala saa mbili usiku. Kumbe kufuja kwangu ni kumwingizia mkono mfukoni.

Kwa hiyo nazima. Lakini nikizima halafu nikanyamaza, bado muuza vitumbua anamlipia mwenye friji. Tukae kikao barazani, kila mtu ataje vyombo vyake, mwenye vingi achangie zaidi. Atakayenuna, na anune.