Deni la Mzingani

Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, aliandika juu ya nyuki jambo ambalo wanafunzi wangu wa madrasa hapa Mkiwa hawalisikii bila kucheka. Limo katika Rawdhat at-Talibin, kitabu kikubwa cha fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafii, kwenye mlango wa matumizi, pale panapoelezwa nani anawajibika kumlisha nani. Wanaanza watu wa nyumbani, wanafuata wanyama, mwishoni wanafika nyuki. Mwenye mzinga, anasema Imamu, asirine akamaliza, abakishe kitu. Kama ni majira ya baridi na nyuki hawawezi kutoka, abakishe zaidi. Kikipatikana chakula kingine cha kushika nafasi ya asali, si lazima kiwe asali. Kisha inakuja habari ya kuchekesha: imesemwa kwamba achomwe kuku, atundikwe mlangoni pa mzinga, nyuki wale.

Sijamchoma huyo kuku. Nyuki ninaowajua mimi hawali nyama, na mama watoto akiniona napeleka jogoo porini kwa ajili yao tutaitana kwa balozi. Imamu mwenyewe ameipitisha habari hiyo kama kitu kilichosemwa na wengine, akaenda zake. Lakini tukishacheka, turudi kwenye hukumu. Nyuki wamewekwa katika mlango mmoja na mke na mtoto. Kwa hiyo anayemlisha nyuki hafanyi hisani. Analipa.

Sham kuna theluji. Kundi hukaa mzingani miezi kadhaa, nyuki wakijibana pamoja kupeana joto na kula akiba. Hata leo wafugaji wa Uingereza huwaachia kundi moja takriban kilo 20 za asali ili livuke miezi hiyo, na akiba ikipungua huongezea sukari. Sisi tulioko hapa njia panda, barabara ya Dodoma na Singida inapoachana na ile ya Itigi, theluji tunaiona kwenye simu. Juni na Julai tunao upepo wetu, na alfajiri ninakwenda msikitini nimejitanda shuka. Lakini jua likipanda nyuki wanatoka kama kawaida. Tatizo ni kwamba wakitoka hawakuti kitu. Mvua imekatika Aprili, alizeti imeshavunwa, vichaka vimekauka, na miti ya porini haijaanza kuchanua. Watazunguka kutwa warudi na matumbo matupu. Kwangu mimi hayo ndiyo majira ya baridi aliyoyasema Imamu. Alichokiangalia ni nyuki kukosa njia ya kupata chakula, na njia hiyo inaweza kufungwa na theluji au na ukame.

Mzinga wenye njaa unajulikana kabla hujaufungua. Mizinga yetu tunaitundika kwa waya, maana nyegere hana adabu, kwa hiyo unaweka kiganja chini ya mzinga na kuunyanyua kidogo. Ukiwa na akiba hukataa kunyanyuka. Ukiwa na njaa hukufuata mkono. Ukikaa kidogo pembeni utaona mlangoni nyuki mmoja anamburuta mwenzake mchanga, jana jeupe ambalo halijaota mabawa, anafika ukingoni, analiachia lianguke. Wanapunguza midomo ya kulisha. Kwenye majani makavu chini utakuta majana mengine, sisimizi wameshayawahi. Baada ya hapo, kama hali haibadiliki, malkia anaacha kutaga, na siku moja unakuta mzinga mtupu na masega yamekauka. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama. Hawasubiri kufa.

Na hapo ndipo mjadala wetu unapoanzia. Binti mmoja wa darasa la jioni aliniuliza: "Maalim, si ulitusomesha habari ya yule mwanamke na paka?" Hadithi hiyo wanaijua wote, imo katika Bukhari na Muslim. Mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. "Sasa nyuki hajafungiwa, Maalim. Ana mabawa. Akiona njaa si anaondoka?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima, na wafugaji wengi huku wanalijibu kwa vitendo. Warinaji wa zamani huingia na mwenge wa moto, wakatoa masega yote, ya asali na ya majana, wakaacha gogo tupu. Nyuki wanaobaki wanahama. Mvua zikija, kundi jingine linapita, linaingia gogo lile lile, na mwaka unaofuata unarina tena. Kwa mfukoni hesabu inakubali. Kwa nini nimlishe mpangaji wakati mwingine yuko njiani anakuja?

Ule moto sina haja ya kuujadili kwa kirefu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuua nyuki, na alikataza kiumbe kuadhibiwa kwa moto. Mwenge unafanya yote mawili kwa usiku mmoja. Tuna mabomba ya moshi siku hizi; anayechoma nyuki ajue anachokifanya.

Lakini la mabawa linataka jibu. Paka wa yule mwanamke alikuwa na njia mbili za kuokoka: alishwe au aachiwe. Nyuki wangu nimewaachia, kweli. Ila niliwaachia baada ya kuchukua akiba yao mwezi wa Mei, siku chache kabla maua hayajakwisha. Mwenye nyumba akiezua bati katikati ya masika, halafu akamwambia mpangaji kwamba mlango uko wazi, hajafungia mtu, lakini hakuna baraza litakalomwambia hana kosa. Kuhama kwa nyuki ni uhuru pale wanapohama wakiwa na akiba matumboni. Wakihama kwa sababu mimi nimekomba, hao ni wakimbizi.

Jirani yangu mmoja, mzee wa kanisa, ambaye mizinga yake na yangu iko pori moja, ana hoja ya aina nyingine. "Maalim, riziki ya kila kiumbe iko kwa Mungu. Kwetu imeandikwa, na kwenu imeandikwa." Ni kweli, kwetu iko katika Sura Hud. Nikamwambia: mzee mwenzangu, na kwenu imeandikwa pia katika Kumbukumbu la Torati kwamba ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Mungu ndiye anayemruzuku ng'ombe, na bado amemwambia mwenye ng'ombe asifunge kinywa. Riziki ya nyuki Mungu alishaileta. Ilikuwa kwenye alizeti na kwenye migunga, wakaikusanya, wakaifunika kwa nta. Halafu nikaja mimi na kisu. Siwezi kuchukua sahani ya mtu kisha nikamwambia amtegemee Mola.

Kuna jambo moja lilinisumbua zaidi kuliko hayo. Nyuki mfanyakazi katika msimu wa kazi huishi wiki sita hivi. Waliokusanya asali niliyoirina Mei walikuwa wamekufa kabla ya Julai. Hawa wa Julai, ninaowapa sukari akiba ikiisha, hawakunifanyia kazi. Basi namlipa nani? Jibu nililipata kwenye somo la madeni. Anayekudai akifa, deni halifi naye. Wanalirithi watu wake. Kundi ndilo mrithi. Wale wa Machi waliweka akiba ambayo wao wenyewe hawakutegemea kuila, na waliokusudiwa kuila ndio hawa wanaotetemeka mzingani sasa.

Watu wa madhehebu yetu hupenda kukumbusha kwamba asali haina zaka. Hanafi wanaitolea sehemu ya kumi, sisi hatutoi. Sawa. Ila tusijidanganye kwamba ni mali isiyodaiwa. Anayetudai ametangulia kukaa mzingani.

Sasa sukari. Imamu amefungua mlango huo mwenyewe aliposema kitu kingine kinaweza kushika nafasi ya asali, na mimi huutumia nikibanwa. Kilo ya sukari kwa lita ya maji ya moto, ikoroge mpaka iyeyuke, usiichemshe ikaungua. Ikipoa, iweke kwenye kisahani ndani ya mzinga, na vijiti juu ili nyuki wapate pa kusimama wasizame. Ifanye jioni, na usimwage hata tone, maana nyuki wa mizinga ya jirani wakinusa watakuja kupora, na sisimizi watafuata. Waya wa kutundikia upake grisi. Na maji wawekee karibu mwaka mzima, kwenye beseni lenye mawe.

Lakini mlango huo una hatari yake, na hapa nasema na wanaouza kando ya barabara. Nyuki akipewa sukari wakati maua yapo, huihifadhi kwenye sega kama anavyohifadhi mbochi. Utairina ukaitia kwenye chupa, abiria wa basi atanunua akidhani anampelekea mgonjwa wake ile dawa iliyotajwa katika Sura An-Nahl. Kumbe ni sukari ya dukani iliyopita tumboni mwa nyuki. Mtume aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikagusa unyevu uliofichwa chini, akamkana anayedanganya. Lundo lile lilikuwa limenyeshewa mvua tu. Hii yetu tunailowesha kwa makusudi. Kwa hiyo ukilisha, acha kabla miti haijachanua, na sega lililowahi kupokea sukari usiliguse.

Ndiyo maana nimeegemea upande wa kubakisha kuliko upande wa kulisha. Utaratibu wa Imamu unaanza na kubakisha, na badala inakuja nyuma. Na kubakisha hakuishii mzingani. Kule Aghondi, wilayani Manyoni, serikali imetenga hifadhi ya nyuki, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inaruhusu maeneo ya namna hiyo yatengwe. Huku kwetu tunakata miti ya mtundu kwa ajili ya gunia la mkaa, kisha Julai tunakwenda dukani kununua sukari ya kufidia maua tuliyoyachoma. Huo ni upotevu wa pesa kabla haujawa dhambi.

Basi mwenye mizinga unayesoma haya: Mei ikifika, rina masega ya pembeni, yale ya karibu na majana yaache kama yalivyo, hata kama mnunuzi amesimama barabarani na ndoo tupu. Mwambie arudi Desemba.