Nani aliyeamrisha useja?



Wanafunzi wangu wa Maarifa ya Uislamu huniuliza mara kwa mara: kwa nini padri haoi, ilhali mchungaji wa Kilutheri ana mke na watoto? Swali hili linataka jibu la elimu, si la kejeli.

Biblia yenyewe (Mathayo 8:14) inamtaja mama mkwe wa Petro. Barua ya kwanza kwa Timotheo 3:2 inamtaka askofu awe mume wa mke mmoja. Ni kweli Paulo aliona bora mtu abaki bila kuoa, lakini katika 1 Wakorintho 7:25 alikiri kuwa juu ya mabikira hana amri ya Bwana. Ni mwaka 1139 ambapo Mtaguso wa Pili wa Laterano, mjini Roma, ulitangaza kuwa ndoa ya padri ni batili. Waorthodoksi hawakufuata, kwao aliyekwishaoa anaweza kupewa upadri. Luther, aliyekuwa mtawa, alioa mwaka 1525. Na Kanisa Katoliki lenyewe linakubali kuwa useja ni sheria ya Kanisa. Makanisa ya Mashariki yaliyo chini ya Papa yanao mapadri wenye wake.

Qur'an ilikwishalieleza hili. Katika Suratul Hadid aya ya 27, Allah anatufahamisha kuwa utawa waliuzua wenyewe, hakuwaandikia, kisha hawakuuchunga ipasavyo. Na Sahaba Uthman bin Madh'un (r.a.) alipotaka kujitenga na wanawake, Mtume (s.a.w.) alimkataza.

Lakini ndugu zangu, tusijione tumesalimika. Nani aliyewaandikia vijana wetu wa mjini ukumbi, sare, kamati za michango na mahari ya mamilioni? Suratun Nur aya ya 32 inatuamrisha tuwaozeshe wasio na wenza, na wakiwa mafakiri, Allah atawatajirisha kwa fadhila zake. Nawafahamu walimu wa madrasa waliovuka miaka 30, wameposa na kurudishwa kwa kukosa fedha. Padri ameukubali useja kwa hiari yake. Kijana wetu ametwishwa na wazee.

Mtume (s.a.w.) alimwozesha Sahaba asiyekuwa hata na pete ya chuma, kwa Qur'an aliyoihifadhi. Basi ewe mzazi, akikujia mwenye dini na tabia njema, usimrudishe.