Nani Hana Fadhila?

Waswahili husema fadhila ya punda ni mashuzi. Wengine husema ni mateke. Maana yake tunaijua sote: unamtendea mtu wema, naye anakulipa ubaya. Lakini methali hii ilitungwa na mwenye mzigo, si mbebaji. Hebu tuigeuze kidogo: punda akiugua, fadhila ya binadamu ni nini?

Chukua ugonjwa ambao lugha yetu imempachika punda mwenyewe, yaani pepopunda. Viini vyake hukaa udongoni na kwenye samadi. Punda akichomwa na msumari ukwatoni, au kidonda cha mgongoni kikichafuka, vinaingia na kutoa sumu inayoshika neva. Miguu inakakamaa kama ya meza. Taya zinafunga. Mlango ukibamizwa tu, mwili mzima unashtuka. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa zaidi na sumu hii, na wengi hufa.

Anayepona, hapone haraka. Daktari wa mifugo ataosha kidonda, atadunga penisilini na dawa ya kuzuia sumu. Ila dawa hiyo huikamata tu sumu ambayo bado haijashika neva. Iliyoshika imeshika. Mwili lazima ujijenge upya polepole, wiki nne, sita, pengine zaidi. Kazi inayobaki kwa binadamu ni kumpa giza, kimya, maji na chakula laini kilichoinuliwa, maana shingo haiinami.

Sasa swali lenyewe. Mtu anayeuza maji kwa mkokoteni hula alichopata leo. Siku bila punda ni siku bila unga. Ukimwambia avumilie wiki sita, unawaambia watoto wake nao wavumilie. Atakujibu: punda si mtu, nimuuze ninunue mwingine. Usimcheke. Hilo ni jibu la mtu ambaye hana akiba, na anayemhubiria huruma akiwa ameshiba anasema maneno rahisi.

Hata hivyo, jibu hilo lina shimo. Linachukulia kwamba mapumziko ni zawadi, kwamba mwenye punda anatoa kitu chake bure. Si kweli. Punda amelipa kitambo, kila asubuhi aliyopanda mlima na mitungi mgongoni. Mapumziko ya ugonjwa ni mshahara uliochelewa. Hata sheria inaelekea huko: Sura ya 360, inayozuia ukatili kwa wanyama, inakataza kumfanyisha kazi mnyama ambaye hali yake haimruhusu.

Na deni haliko kwa punda wa mtaani peke yake. Behring na Kitasato walipoonyesha mwaka 1890 kwamba damu ya mnyama aliyepewa kinga inaweza kuzima sumu ya pepopunda, haikuchukua muda farasi wakawa ndio wanaotolewa damu hiyo. Majeruhi wengi wa Vita Kuu vya Kwanza walikingwa na damu ya farasi. Kwa hiyo tukiuliza kama mnyama huyu anastahili wiki sita, tukumbuke sisi tulipewa nini.

Simaanishi kila punda alazimishwe kuishi. Aliyeanguka asiweze kuinuka, asiyemeza, anayekakamaa usiku kucha, huyo kumpumzisha kwa mkono wa daktari ni huruma. Kusubiri kuna maana pale tu ambapo kuna njia ya kupona. Bila njia hiyo, subira inakuwa mateso tunayoyapaka asali.

Kipimo kigumu hakiko siku ya kwanza, wakati mnyama anatisha na kila mtu anamhurumia. Kiko wiki ya nne. Sasa anakula, masikio yanacheza, anatembea. Jirani anauliza, "Si huyu ameshapona?" Mkono unaanza kutafuta hatamu. Tunafanyiana hivyo hata sisi kwa sisi: mgonjwa wa kifua kikuu anapata nguvu mwezi wa pili, bosi anauliza mbona harudi kazini kama zamani, ilhali dawa ni za miezi sita. Tunaupima ugonjwa wa mwingine kwa macho yetu, halafu tunamwita mvivu.

Basi mzigo huu usiachiwe mwenye punda peke yake. Mtaa unaokunywa maji yaliyobebwa na punda una sehemu yake katika deni. Jirani amwazime punda siku mbili kwa wiki. Chama kimkopeshe ya unga. Wateja wasimkimbie.

Na jambo moja la mwisho ambalo wengi hawalijui. Kupona pepopunda hakuachi kinga. Mnyama aliyevuka wiki zote hizo anaweza kuupata tena kwa msumari mwingine, kwa hiyo lazima achanjwe. Mwenye kumrudisha kwenye mkokoteni bila chanjo hajamaliza kumuuguza.