Kicheko, Huruma na Mtu Asiyeonekana

Swali la iwapo ni halali kucheka anguko la mwingine limewashughulisha wanafalsafa tangu Plato, aliyeona ndani ya kicheko raha iliyochanganyika na uchungu wa husuda, lakini aliyelipa sura kali zaidi ni Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka 1900. Kwa maoni yake, anayecheka hupatwa na ganzi ya moyo, yaani kwa kitambo huruma yake hulala, na mbele yake huona mashine iliyokosea mwendo badala ya binadamu.

Dai hilo linatikiswa na filamu ya Abbott and Costello Meet the Keystone Kops ya mwaka 1955. Wachekeshaji Bud Abbott na Lou Costello wanaigiza watu wawili ambao, katika mwaka 1912, wanauziwa na tapeli studio ya filamu isiyo na thamani. Wanamfuata hadi Hollywood, ambako amejigeuza mwongozaji kutoka Urusi, na bila kumtambua wanaajiriwa chini yake kama waigizaji mbadala, yaani wale wanaoshika nafasi ya nyota panapokuwa na hatari. Tapeli anataka wafe wakiwa kazini, ila mkuu wa studio, akitazama picha za mahangaiko yao angani, anaona kichekesho kizuri. Ganzi yake haitoki moyoni. Imeletwa na kamera, inayofikisha tendo na kuacha nyuma hofu ya mtendaji. Mtazamaji wa filamu nzima, kinyume chake, anaijua njama, anamwogopea Costello anayepiga mayowe, na bado anacheka. Hapo Bergson anapungukiwa, kwa sababu huruma na kicheko vimekaa katika kifua kimoja na wala havigombani.

Lakini dhuluma iliyo nzito zaidi kuliko kumcheka mtu iko kwingine. Costello mwenyewe, kabla hajajulikana, alifanya kazi hiyo hiyo ya mbadala katika studio za MGM, na katika The Trail of '98, filamu ya mwaka 1928, alishika nafasi ya nyota wake, Dolores del Río. Watu waliolipa kiingilio waliamini wanamwona nyota, hivyo kijana aliyeuweka mwili wake hatarini hawakumcheka wala kumhurumia, kwa kuwa hawakujua kwamba yupo.