Shujaa wa Nani?

Mwaka 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa vita vya Majimaji. 67 kati yao waliuawa siku moja, tarehe 27 Februari. Miongoni mwa waliokufa mwaka huo ni Songea Mbano, nduna wa Wangoni, ambaye mji huo una jina lake. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha. Mwenye insafu hawezi kuwanyima marehemu hao jina la ushujaa. Hata hivyo, mkuki wa Kingoni haukuanza kazi mwaka 1905.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika hadi Ufipa, alikofia kiongozi wao. Baadaye kundi moja lilikuja mashariki ya Ziwa Nyasa. Nguvu ya jeshi hilo ilikuwa katika kuwameza walioshindwa: vijana walitekwa, wakafunzwa mkuki na ngao, kisha nao wakatumwa kuteka wengine. Aliyelizwa jana akawa mwenye kuliza leo.

Wamatengo waliikimbilia milima ya Mbinga. Huko kwenye miteremko mikali waliendeleza kilimo cha ngoro: majani hulazwa kwa mistari inayokatana, yakafunikwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayozuia maji ya mvua yasiuchukue udongo. Kwa njia hiyo watu wengi waliweza kuishi mahali padogo. Ufukweni mwa ziwa nako Wanyasa waliishi kwa hofu ya mashambulizi hayohayo. Na kisa hiki kinaigusa Unguja: watumwa waliokombolewa hapa walipelekwa na wamisionari Masasi mwaka 1876 ili waanze maisha mapya; mwaka 1882 Wangoni waliuvamia mji huo, wakaua, na wakachukua mateka. Wapo waliofungwa kamba kwa mara ya pili.

Suala hili si la Ruvuma peke yake. Bohdan Khmelnytsky, jemadari wa Makosaki, aliinuka dhidi ya utawala wa Poland mwaka 1648, na sanamu yake imesimama Kyiv tangu 1888. Kwa Waukraine wengi ni mkombozi. Wayahudi wanayakumbuka mauaji ya maelfu ya watu wao katika vita hivyo.

Wapo wasemao kwamba mtu ahukumiwe kwa mizani ya zama zake. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina upungufu. Aliyetekwa naye alikuwa mtu wa zama hizohizo, na hakuhitaji mizani ya karne nyingine kujua kwamba amedhulumiwa. Wahenga walishasema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Haki haidai mnara wa Songea ubomolewe. Inadai simulizi ikamilike: kwamba waliosimama mbele ya kitanzi kwa ujasiri walikuwa pia warithi wa jeshi lililowapandisha wenzao milimani. Kukiri hivyo hakumsafishi Mjerumani hata chembe, kwani dhuluma haifuti dhuluma. Msamaha ulioombwa Songea ulisafiri kutoka Berlin. Kutoka Songea hadi Mbinga ni karibu zaidi.