Ghala Yenye Mlango

Neno la Sikukuu ya Mavuno
Masomo: Kutoka 16:13–30, Luka 12:16–21



Mavuno yamekaribia. Mtama umeinamisha vichwa, kunde zimeanza kukauka shambani, na ukipita mitaani asubuhi utaona majani ya mlenda yametandazwa juu ya mikeka. Ni siku za furaha, nazo ni siku za kazi. Yeyote aliyezaliwa Ugogo anajua kwamba mvua yetu ni moja tu kwa mwaka. Huanza Desemba na kukoma Aprili, na kinachopatikana katika miezi hiyo michache hakina budi kutufikisha mavuno mengine. Bibi yetu alikuwa mtoto wakati wa njaa ile kuu wazee waliyoiita Mtunya, miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake. Hata uzeeni hakukubali punje ya mtama ilale chini. Alikuwa akiinama na kuiokota huku akinung'unika, nasi watoto tukicheka. Leo hatucheki tena.

Kwa hiyo tumeona yafaa mwaka huu tuseme pamoja juu ya kuhifadhi chakula. Wengine watauliza: je, hilo ni neno la kanisani? Naam, ni neno la kanisani. Biblia imejaa ghala, vikapu na mapipa ya unga. Yusufu alishauri itengwe sehemu ya tano ya mavuno ya Misri katika miaka saba ya shibe (Mwanzo 41:34). Chungu anasifiwa kwa sababu hukusanya wakati wa jua (Mithali 6:6–8). Na Bwana wetu mwenyewe, aliyeweza kuzidisha mikate kama alivyotaka, aliagiza mabaki yakusanywe yasipotee, vikajaa vikapu kumi na viwili (Yohana 6:12–13). Basi asitokee mtu wa kusema kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Uvivu si imani.

Lakini katika Kutoka 16 tunakuta jambo la kutufikirisha. Wana wa Israeli waliambiwa wasibakize mana hata asubuhi. Wapo waliobakiza, ikaingia mabuu na kunuka. Siku ya sita wakaambiwa wakusanye maradufu na kuweka kwa ajili ya sabato. Wakaweka, wala haikunuka. Chakula kilikuwa kilekile, vyombo vilevile, mahema yaleyale. Cha kwanza kilioza na cha pili kikakaa. Tofauti haikuwa katika mana. Ilikuwa katika sababu ya kuiweka.

Tulilisoma somo hili miaka mingi, hata tukalifundisha darasani, bila kulielewa. Tulilielewa kwa aibu, nasi twaona ni haki tuwasimulie.

Tulipostaafu, watoto wetu walitununulia friza. Tulimshukuru Mungu, tukaanza kazi. Bustani yetu ilikuwa imezaa vizuri mwaka ule: maharage mabichi, njegere, mchicha, maboga, mahindi mabichi. Tukachinja na mbuzi, tukaongeza kuku. Friza ikajaa hadi mfuniko ukawa mgumu kufunga. Jioni tulikuwa tukiufungua ili kutazama tu, kisha tunafunga kwa ufunguo.

Mwezi wa Februari, ambao nanyi mnajua jinsi ulivyo kwetu, jirani yetu mmoja, mama mjane aliye mkubwa kuliko sisi, alibisha hodi. Tukamwamkia, tukamkaribisha kiti. Mjukuu wake alikuwa ndiyo kwanza ametoka katika malaria, hali ugali. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba kipande kidogo cha nyama, nimpikie mtoto supu." Nasi tukamjibu, "Pole, mama. Nyama imekwisha. Labda wiki ijayo." Friza ilikuwa chumba cha pili, ikinguruma. Bila shaka alikuwa akiisikia. Akashukuru, akaondoka.

Hatukumnyima kwa chuki. Tulifikiri moyoni: Pasaka inakuja, watoto watakuja na wajukuu, tukianza kugawa leo kesho atakuja nani? Mawazo haya yanafanana na busara, ndiyo maana ni ya hatari.

Haikupita wiki, transfoma ya mtaa ikaungua. Siku ya kwanza tukasema umeme utarudi. Siku ya pili tukafunika friza kwa mablanketi. Umeme ulirudi siku ya sita. Tulipofungua mfuniko tulirudi nyuma kwa harufu. Tukachukua jembe, tukaenda nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kuchimba shimo.

Aliyekuja kutusaidia alikuwa ni yule mama. Alituona tukichimba, naye anajua migongo yetu haina nguvu. Alikuja na jembe lake, akachimba pamoja nasi. Kisha tukaanza kumimina, naye akaona yote: mbuzi, kuku, pakiti moja baada ya nyingine. Hakutulaumu. Alisema tu, "Kumbe vilikuwa vingi, Mwalimu." Akashika udongo kwa mikono yake na kufukia.

Kesho yake alimtuma yule mjukuu, amepona sasa, na kibakuli cha mlenda mkavu uliosagwa. Mtoto akasema, "Bibi amesema mboga zenu zimeharibika, basi mpike huu." Tuliupika, tukaula. Ndugu zetu, tumekula karamu nyingi katika maisha yetu, lakini hatujapata kula chakula kizito kama kile.

Siku ile tuliisoma upya habari ya tajiri katika Luka 12. Tazameni: Yesu hasemi kwamba tajiri yule alikuwa mwizi. Shamba lake lilizaa kwa halali. Hasemi pia kwamba kuweka nafaka ni dhambi. Lakini hesabuni ni mara ngapi mtu yule anajitaja mwenyewe: mavuno ni yake, ghala ni zake, hata nafsi anaiita yake na kuzungumza nayo peke yake. Katika shauri lake lote hamna jirani. Sasa mlinganishe na Yusufu. Yeye naye alijaza ghala, tena kubwa kuliko za tajiri. Lakini njaa ilipoenea, alizifungua (Mwanzo 41:56). Ni kweli kwamba baadaye, katika sura ya 47, watu walitoa mifugo na ardhi ili wapate chakula, na hilo si la kuigwa. Hata hivyo ghala zake zilikuwa na mlango wa kutokea. Ghala ya tajiri ilikuwa na mlango wa kuingizia tu. Na friza yetu ilikuwa hivyo hivyo.

Basi tufanye nini? Tuache kuhifadhi? La, hasha. Chakula kinachoozea shambani hakimsaidii mjane wala mwenye shamba. Yafaa tuhifadhi vizuri zaidi, na kwa nia iliyo safi zaidi. Mtuvumilie kidogo, maana mwalimu hastaafu ulimi.

Kwanza, mboga za majani. Mama zetu walikausha juani, nasi twawashukuru, lakini sasa tunajua kwamba jua kali huharibu vitamini A, ambayo watoto wanaihitaji kwa macho yao na kwa kinga ya mwili. Oshani majani, yachovyeni katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, kisha myatandaze kivulini penye upepo, na kitambaa chepesi juu kuzuia nzi na vumbi. Yakivunjika mkononi yakiwa makavu kabisa, yatieni katika chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana. Wenzetu wa Usukuma na Unyamwezi hukausha viazi vitamu: vikikatwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Kazi hii haihitaji umeme hata kidogo.

Pili, nafaka. Msiweke mahindi wala karanga zenye unyevu. Mwaka 2016 wenzetu hapa Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka, na wengine wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kipimo rahisi ni hiki: chukueni chupa kavu ya kioo, tieni chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, fungeni, tikiseni, kisha acheni itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudisheni juani, juu ya turubai, wala si juu ya ardhi. Juu ya wadudu, wazee wanamkumbuka dumuzi alivyoingia nchini kupitia Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kugeuza mahindi kuwa unga ndani ya vihenge. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu. Ikifungwa vema hewa haiingii, na mdudu hufa bila dawa.

Tatu, kwa wenye friza. Mboga zisiingizwe mbichi. Maharage mabichi yachovywe katika maji yanayochemka dakika 3, mchicha dakika 2, njegere dakika moja na nusu, kisha yatiwe mara moja katika maji baridi sana, yachujwe na kukaushwa. Bila hivyo rangi na ladha hupotea hata ndani ya baridi. Maboga yapikwe na kupondwa kwanza. Fungeni mafungu madogo ya mlo mmoja, andikeni tarehe, na cha zamani kitoke kwanza. Baridi iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, msifungue. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa huhifadhi baridi kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Nyama ikiyeyuka na kupoteza ubaridi, isigandishwe tena. Na hapa, wapendwa, sayansi na Injili zinakutana: umeme ukikawia zaidi ya siku moja, ghala iliyo salama kuliko zote ni chungu cha jirani. Pikeni, gaweni upesi kabla hakijaharibika. Kama tungefanya hivyo siku ile ya pili, badala ya kutafuta mablanketi, mtaa mzima ungekula.

Nne, na hili ndilo kubwa, wekeni sehemu ya tano. Nyumbani kwetu sasa tuna desturi hii. Kila mafungu matano yanayoingia, iwe ni mboga kavu, mahindi au pakiti ya friza, moja tunaliandika herufi M, yaani mwenzetu. Halihesabiwi kuwa letu. Hatujui litaliwa na nani, lakini likiombwa, jibu limekwisha kuandikwa. Hivyo mtu anayebisha hodi hakuti nyumba inayoanza kupiga hesabu.

Mtu atasema, "Mimi sina friza, na shamba langu ni dogo." Ndugu, mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo (1 Wafalme 17). Na jirani yetu alikuwa na mlenda. Yeye aliyekuwa na kidogo ndiye aliyetulisha sisi tuliokuwa na friza.

Jumapili ya Mavuno tutaleta matoleo yetu mbele ya madhabahu: mtama, mahindi, maboga, kuku wakipiga kelele kama kawaida yao. Yafaa. Lakini kabla ya siku hiyo, kila nyumba ifungue ghala yake, itazame ndani, na kujiuliza maswali matatu. Je, kipo humu kitakachoharibika kabla hatujakila? Je, yupo mtu tuliyemwambia "hamna", nacho kimo? Je, tukiitwa usiku wa leo kama yule tajiri, waliobaki watakuta nini humu, na ni kwa ajili ya nani?

Yule mama yu hai, naye atasoma maneno haya, maana husomewa gazeti hili na mjukuu wake, ambaye sasa yuko darasa la sita. Tulikwenda kumwomba radhi, lakini baada ya muda mrefu kuliko ilivyotupasa. Alitusikiliza, akacheka, akasema, "Hayo tulikwisha kuyafukia." Neema ya Bwana tuliihubiriwa mara nyingi. Siku ile tuliiona imekaa juu ya kigoda, ikichambua mlenda.

Tuombe. Ee Mungu mwenye mavuno, uliyetupa mvua na mikono ya kuvuna, utufundishe kuweka bila woga na kutoa bila kunung'unika. Utusamehe chakula kilichoozea mikononi mwetu wakati wenzetu walipolala na njaa. Fungua ghala zetu, na kwanza mioyo yetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.